Hodi Kutoka Kwenye Buti

Ile chenja ya CD ilipiga hodi kabla haijapiga muziki.

Wendelin alikuwa ameegesha Korola yake mbele ya duka la Said, pale Ifakara, akichagua. Kulikuwa na chenja mbili, mashine za kubadilisha CD garini: mpya ya CD sita, na kuukuu ya CD kumi. Mwenye akili angechukua mpya. Lakini gari lilikuwa limempanda Wendelin kichwani, na kwa CD sita asingeweza kutamba mbele za watu.

"Kaka, chukua hii ya sita," Said alimsihi. "Hiyo ya kumi kuna CD imenasa ndani. Mafundi wameshindwa kuitoa."

"Nifungie hiyo hiyo. Zitapiga zilizobaki."

Said akaifunga kwenye buti, akaunganisha nyaya. Spika zikakwaruza, gari likanuka tope la jaruba la mpunga, kisha sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Hodi."

"Karibu," Wendelin akaitikia. Ndivyo alivyolelewa, mdomo ulitangulia. Said akarudi nyuma, hakutaka hata kuligusa lile gari tena.

Jumamosi Wendelin alimpeleka kanisani dada yake Merina, bibi harusi. Nyuma alikaa mama yao, Serafina, katika kitenge kipya. Wendelin akawasha muziki ili watu wa Katindiuka wasikie. Ikatoka sauti ya mwanamke kijana: "Yule mama anayekupungia mkono ni nani?" Na sauti ya Wendelin mwenyewe ikajibu: "Simjui. Wanakijiji wakiona gari hupunga tu."

Ni kweli alisema hivyo. Ilikuwa siku moja kwenye barabara ya Idete, kando yake amekaa mwalimu Jane, ambaye Wendelin alikuwa akimtaka, na mama yake amejitwika mpunga juani. Akazima redio, sauti ikaendelea, akang'oa waya, ikaendelea, simjui, simjui, tope likinuka mpaka Merina akafunika pua kwa shela, na watu waliojipanga njiani wakaacha vigelegele wakasikiliza.

"Simamisha, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Nitatembea."

Aibu ile ilimtafuna Wendelin kuliko hofu. Hakuingia kanisani.

Mganga aliyemwita, mzee Yunusi, alilizunguka gari akitikisa kichwa. "Umemkaribisha mwenyewe. Kesho nitakuja kumtoa. Mpaka hapo usiitikie hodi yoyote."

Jioni mlango ukagongwa. "Hodi. Wendelin, ni mimi mama yako. Nimekuja tuyamalize."

Sauti ilikuwa ya mama kabisa, lakini gari nalo lilijua kusema kwa sauti za watu. Wendelin akashikilia komeo. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Kisha kandambili zikaondoka polepole. Akachungulia dirishani: alikuwa mama yake kweli, katika kile kitenge kipya, akijifuta macho. Kwa mara ya pili alikuwa amemkana. Alitaka kumwita, aibu ikamzuia.

Ndipo buti la Korola likafunguka, na sauti ya Wendelin ikatoka humo kwa adabu:

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Serafina kwa furaha, akaliendea lile buti lililo wazi, linalonuka tope.