Aliyejibu Hodi Biryogo

Siku ile nyumba ilimtangulia kujibu.

Flaviana alikuwa mtembeza wageni katika mtaa wa Nyamirambo. Kazi yake ilikuwa miguu na mdomo: kuwapitisha watalii kwenye vichochoro vya Biryogo, hapa msikiti, hapa mafundi cherehani, hapa nyumba za udongo za Waswahili wa zamani. Kituo cha mwisho kilikuwa nyumba tupu iliyonuka udi, ingawa miaka mingi hakuna aliyefukiza humo. Mlangoni aliwafundisha wageni adabu yetu. Unabisha hodi, unangoja. Usipokaribishwa, huingii. Lakini watalii hawawezi kukeshea mlango wa nyumba tupu, basi Flaviana alibisha hodi, kisha akajijibu mwenyewe kwa madaha: "Karibu!" Wageni walicheka, wakaingia.

Mzaha huo aliuanza baada ya kumzika mumewe, Dominic. Hakumlilia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alikula kwa sababu chakula kimeiva, alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Kilichomrudisha nyumbani Kimisagara ni binti yake Gwiza tu, ambaye akitoka shule hujifungia ndani peke yake, na alishaonywa asimfungulie mtu yeyote mpaka asikie hodi ya mama.

Sasa mchana huo alibisha hodi, na kabla hajafungua kinywa tena, ndani kukasikika: "Karibu."

Sauti ilikuwa yake, na madaha yale yale. Wageni walicheka wakidhani ndio mchezo wenyewe. Flaviana alijua kwamba hapo mtu mwenye akili zake huogopa. Akaungoja woga, haukuja, akavua viatu akaingia pamoja nao.

Flaviana alipoagana na wageni, Mukantwari akamshika mkono. Mama huyu aliuza chai mkabala na nyumba ile, na waliopandwa na majini waliletwa kwake awasomee maji.

"Nani iko anajibu humo ndani?" alinong'ona.

"Mimi."

"Oya, si wewe. Wewe ulisimama huku inje, nilikuona. Ile nyumba iko na wenyewe, na walikuwa kimya. Nani aliwakaribisha?"

Flaviana akamweleza mzaha wake. Mukantwari hakucheka hata kidogo.

"Umemkaribisha jini kila siku, dada, na hiyo sauti yako haina mtu ndani. Ameivaa. Kunywa haya maji, halafu mlilie bwana yako. Usipolia, sauti hairudi."

Akamsomea juu ya kikombe, midomo ikienda haraka. Flaviana akanywa. Akasema "Dominic" kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, na macho yakabaki makavu.

Mukantwari akaweka kikombe chini. "Mtoto iko na nani nyumbani?"

"Peke yake."

"Genda, dada. Genda sasa hivi."

Pikipiki ilimteremsha Kimisagara mvua ikinyesha, na alipopanda ngazi za kwao harufu ya udi ikamlaki, nyembamba kwanza, kisha nzito ya kukaba koo, ikitoka chini ya mlango wake mwenyewe, yeye ambaye hajanunua udi maishani mwake, na hapo ndipo woga ulipomfikia, wote kwa mara moja, na nyuma ya woga kikaja kilio cha kumlilia Dominic alichokibana miezi yote ile, akapiga mlango kwa viganja viwili akiita hodi, hodi, kwa sauti iliyopasuka kwa machozi, sauti ambayo hata yeye aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nani?" Gwiza aliuliza kutoka ndani.

"Mimi, mwanangu. Ni mama. Fungua."

Nyayo ndogo zikarudi nyuma kutoka mlangoni.

"Mama," mtoto akanong'ona, na hakuwa akisema na aliye nje, "kuna mtu analia mlangoni. Anasema yeye ni wewe."

"Usimfungulie," ikajibu sauti kule ndani, taratibu, kwa madaha. "Hodi ya mama si unaijua?"

"Naijua," Gwiza akasema. Kisha akasukuma komeo likafunga mpaka mwisho, kama alivyofundishwa.