Kofia Aliyoiokota Nelva

Haya yalimpata rafiki yangu Nelva, wa hapahapa La Paz.

Jumapili alimpeleka binti yake, Wayra, kutembea kwenye miamba ya udongo kusini mwa mji. Mtoto akateleza ukingoni mwa korongo. Nelva alimdaka mkono, akaokota kofia iliyokuwa chini, wakarudi. Tangu hapo Wayra hakula wala kusema.

"Roho yake imebaki kule," mama mkwe alisema. "Nenda na kofia yake ukaiite, na usigeuke nyuma. Kumshika mtoto kumekushinda, labda kumwita utaweza."

Nelva alienda peke yake. Alipunga kofia juu ya korongo akiita, "Njoo, mwanangu, twende nyumbani." Alipoanza kuondoka, changarawe zikalia nyuma yake, hatua ndogondogo. Alitokwa na machozi ya furaha, lakini hakugeuka. Hatua zilimfuata mpaka kwenye uchochoro wao, giza likiwa limeshaingia.

Alipofungua mlango alimkuta Wayra anakunywa supu, kofia kichwani.

"Amezinduka mchana, akaomba chakula," mama mkwe alisema. "Kofia yake ilikuwa humu ndani ya kikapu chako ulichokwenda nacho Jumapili. Hiyo uliyoshika ni ya nani? Umemwita nani, wewe mwanamke?"

Nyuma ya Nelva, kizingitini, viatu vidogo vilikuwa vinakung'utwa vumbi.

Wayra alitazama mlangoni, kisha akasogea kwenye benchi kama anayempisha mtu.

"Mama," alisema, "mbona na yeye anakuita mama?"