Ala ya Marehemu Clell

Kishikizo kilikuwa upande usiofaa.

Dewey Stallard aliigeuza ile ala ya bastola mezani, akaigeuza tena, akaikodolea macho kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Jana gulioni aliivaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya suruali, akashusha shati, akaketi, akainama, ikatulia kama imezaliwa naye. Leo asubuhi ilikuwa ala ya mtu wa mashoto.

"Umepigwa," alisema Raylene, mkewe, huku akikoroga mchuzi mweupe wa soseji jikoni. "Umepigwa mchana kweupe."

"Sijapigwa. Niliijaribu."

"Kama ulivyozijaribu zile nyingine?"

Zile nyingine zilikuwa uvunguni, kwenye boksi la mabuti. Kulikuwa na ya kitambaa iliyolegea kama soksi ya mlevi, kulikuwa na ya mpira iliyomtoa vipele, na ile ya plastiki iliyomng'ata nyama kila akikaa kwenye pikapu. Katika vilima vyote vya Kentaki, kila mwanaume anayeficha bastola chini ya shati ana boksi kama hilo. Ananunua ya bei rahisi, haipendi, anaitupa boksini, anakwenda kununua nyingine ya bei rahisi. Zote pamoja zingetosha kununua moja ya maana, tena na mkanda wake. Wanalijua hilo, wanataniana nalo hadi kanisani, halafu Jumamosi hao tena gulioni. Watu wazima na ndevu zao.

Raylene alishaapa. "Ukileta nyingine humu ndani, wewe na bastola yako mtalala kwenye pikapu."

Na Dewey hangeweza kukaa bila kitu. Kituo cha mafuta alikofanya kazi kilikuwa kimevamiwa mwezi uliopita, mwenzake akawekewa kisu shingoni. Basi alifanya nini shujaa wetu? Akaivaa kushoto, akajifunza kuchomoa kwa kushoto, ilimradi mke asipate la kusema.

Alijifunza haraka mno. Hapo ndipo Raylene alipoanza kumwangalia vibaya.

"Tangu lini unamimina kahawa kwa mkono huo?"

"Mkono upi?" Dewey alihamisha birika mkono wa pili kama mtoto aliyefumwa na sukari.

"Na huo ugoro?"

"Ugoro gani tena, mama?"

"Unanuka ugoro wa mnanaa. Shati, mto, mpaka nywele."

"Raylene, sijawahi kugusa ugoro maishani mwangu."

"Basi yupo anayegusa, na amekulalia begani."

Raylene alipekua pikapu. Alipekua mifuko. Alitafuta mwanamke, maana mwanamke mwenzake angejua namna ya kumshughulikia. Hakuona hata unywele.

Alichokiona kilikuwa nyumbani kwake. Mchana mmoja, Dewey amelala baada ya zamu, bastola iko kwenye sanduku lake la kufuli, ala inaning'inia tupu nyuma ya mlango, Raylene akasikia ngozi ikilia polepole, ule mlio wa mkanda wa mwanaume mzito anapojiketisha kitini. Akasogea. Akaigusa. Ilikuwa na joto, na unyevu wa jasho kwa ndani. Na mdomo wa ala, ambao siku ya kwanza ulikuwa umelegea kidogo tu, sasa ulikuwa umejikunja kuingia ndani, ukawa na ncha ndefu nyembamba yenye kiungo katikati, imeinama kuelekea mahali ambapo triga ya bastola hukaa.

Hakumwamsha mumewe. Alichukua funguo za pikapu, akaenda moja kwa moja kwa Otis Mullins, mzee anayeuza vikorokoro kwenye ghala kuukuu la tumbaku, pale pale gulioni.

"Ile ala uliyomuuzia mume wangu ilikuwa ya nani?"

Otis alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Ya marehemu Clell, shemeji yangu."

"Alikuwa mashoto?"

"Tangu utoto."

"Alikufaje?"

"Alikuwa anairudisha bastola mahali pake. Ngozi ilishalegea, ikajikunja ikaingia kwenye triga. Risasi ikampiga pajani. Damu ilikwisha yote kabla gari la wagonjwa halijapanda mlima."

"Na wewe ukaiuza."

"Niliiosha."

"Ulimwambia Dewey?"

"Aliniuliza bei tu, binti yangu."

Kutoka hapo Raylene alimpitia bibi yake, Ocie Fugate, ambaye vilimani kote watu humpigia simu wakijikata kwa msumeno, naye husema maneno yake huko huko aliko, damu ikasimama. Bibi Ocie alisikiliza yote, ugoro na joto na ile ncha, akauliza jambo moja.

"Huyo Clell, kuna aliyeisemesha damu yake?"

"Hakuna, bibi. Alikuwa peke yake."

"Basi haijaambiwa isimame. Bado inatafuta pa kutokea." Akavaa koti. "Tukifika, kwanza risasi zitolewe. Jini ni jini, lakini risasi ni risasi. Halafu ngozi hiyo iingie kwenye jiko la kuni, kwa koleo. Kwa koleo, Raylene. Asiiguse mtu."

Walichelewa kidogo. Dewey alishaamka, alishavaa kwenda kazini, alikuwa amesimama katikati ya sebule na bastola kwenye mkono wa kushoto.

"Mume wangu, iweke mezani," Raylene alisema kwa sauti ya chini.

"Nataka kuiweka," Dewey alinong'ona. "Mkono hautaki."

Na kweli haukutaka, maana jasho lilimtiririka na mkono wa kulia ulikuwa umeung'ang'ania wa kushoto kifundoni ukiuvuta juu, lakini wa kushoto ulizidi kushuka, taratibu, kwa uzoefu, kama mkono uliokwisha kufanya jambo hilo maisha yake yote, huku bibi akisema maneno yake haraka haraka bila kupumua, huku chumba kikijaa harufu ya mnanaa hadi macho yakawasha, huku mdomo wa ala ukifunguka kiunoni mwa Dewey na ile ncha ya ngozi ikinyooka, ikijipinda, ikinyooka, ikimsubiri mgeni wake, na Raylene akalitazama koleo lililokuwa mbali kule kando ya jiko, akaitazama ncha ya mtutu iliyokwisha kugusa ngozi, akaacha kufikiri, akaruka, akaing'oa ala kiunoni kwa mkono mtupu.

Akaitumbukiza ndani ya jiko la kuni, akafunga mlango wa chuma kwa goti.

Ndani ya moto mtu alishusha pumzi, ndefu, kama aliyevua mabuti. Mkono wa Dewey ulilegea. Bibi Ocie aliichukua bastola, akatoa risasi, akaziweka mfukoni mwa koti.

"Uliishika kwa mkono gani?" akamuuliza Raylene.

"Hata sikumbuki, bibi."

Bibi aliigeuza mikono ya mjukuu wake yote miwili, akaitazama viganja.

Safari hii Raylene mwenyewe ndiye aliyechagua ala. Plastiki ngumu, imefunika triga yote, bastola ikiingia inalia *tak* na haichezi. Kulia. Boksi la uvunguni lilikwenda jalalani. Dewey alirudi kumimina kahawa kama watu wengine, akaanza tena hata kujisifu pale kituoni.

Kisha ikaja asubuhi moja akiwa mezani anangoja biskuti zake za kuchovya kwenye mchuzi, mkewe amempa mgongo, anaukoroga. Dewey alikuwa anasimulia jambo, akakatiza katikati. Mwiko ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Raylene?"

"Naam, mpenzi."

Aligeuka, akaja akamkumbatia kwa nguvu, kama zamani. Pumzi yake ilinuka mnanaa. Na mkono wake wa kushoto ukashuka taratibu, kwa uzoefu, ukapita chini ya shati la mumewe hadi kwenye ile plastiki ngumu, kidole cha shahada kikaanza kuipapasa ukingoni, kikitafuta pa kuingilia.