Matope ya Silanga ya Dishon

"Weka hilo jembe chini, Werema."

"Mama Jacktone, si wewe uliniambia nichote?"

"Nilisema pembeni. Sikusema umalize silanga yote."

Werema, jirani anayefyatua matofali, alicheka huku akijaza wilbaro. "Silanga gani? Maji yalikauka, hata vyura walihama. Unalilia shimo?"

Joyline, ambaye wote walimwita Mama Jacktone, alisogea ukingoni akachungulia. Kweli silanga hiyo, kidimbwi cha kukinga maji ya mvua, sasa ilikuwa shimo, na matope yake yamepasukapasuka. Lakini lilichimbwa na marehemu mumewe, Dishon, enzi zile boma lao nje ya Migori lilipojaa watu. Mvua zikirudi na maji yakikaa siku kadhaa, Dishon aliwaita watoto waje kuona vitu vidogo kama viroboto vikirukaruka majini. Wageni nao waliacha viti wakaenda kuchungulia. Siku hizi watoto wako Nairobi, na viti vimepangwa ukutani.

Tena alikuwa na lingine moyoni. Mwaka jana alichimba bwawa jipya, akatandika nailoni. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Lakini vifaranga wa samaki, wale ngege, walikufa karibu wote. Sasa ameagiza wengine. Hao nao wakifa, ufugaji basi.

Shamima, afisa wa uvuvi aliyepanga chumba hapo kwake, alisikia maneno akatoka na kikombe mkononi. Joyline akamweleza yote.

"Hao viroboto wa mzee walitoka wapi?" Shamima akauliza.

"Juu," akasema Werema. "Kwetu Kehancha tulijua wanashuka na mvua."

"Hawashuki. Wako hapo ndani ya wilbaro yako."

Werema akainama, akatazama. "Dada, naona udongo."

"Ni wadogo mno. Ni wanyama wa majini, wana undugu na kaa. Maji yakianza kupungua, wanataga mayai yenye ganda gumu. Wao wanakufa, mayai yanabaki kwenye matope, yamelala. Yanaweza kungoja hata miaka. Maji yakirudi, mengine yanaanguliwa. Na hicho ndicho chakula cha vifaranga. Mama, maji yako yalikuwa safi, lakini sahani ilikuwa tupu."

"Na nikiyachoma kwenye tanuri?" Werema akauliza.

"Jua yanavumilia. Tanuri hapana."

"Kumbe nimekuwa nikijengea watu nyumba za mayai," akasema Werema. Lakini hakuamini.

Shamima akaweka matope kidogo ndani ya beseni, akamimina maji ya mvua. Ya mfereji alikataa, kwa sababu yana dawa. Beseni likawekwa penye mwanga.

Kila asubuhi Joyline alichungulia. Kila asubuhi Werema alipita. "Mama Jacktone, matope yamekusalimia?"

Asubuhi moja Joyline aliona nukta nyeupe ikiruka. Halafu nyingine. Halafu nyingi. Hakumwita mtu. Alichuchumaa hapo, akasikia kama Dishon yuko nyuma yake akisema, njooni mwone.

Werema alipopita hakutania. Aliinamia beseni, akaenda zake. Jioni alirudi na matope ambayo hakuwa ameyachoma.

Walitandaza matope kidogo kwenye bwawa, wakajaza maji. Vifaranga hawakuwekwa mpaka maji yalipoanza kurukaruka. Matope yaliyobaki yaliachwa kwenye silanga, yangoje mvua.

Vifaranga wachache walikufa. Wengine walinenepa. Desemba watoto walikuja na watoto wao, viti vikatolewa ukutani, vingine vikaazimwa. Jikoni ngege walikuwa wakichemka kwa nyanya na kitunguu. Mjukuu mmoja alipelekwa bwawani na Shamima, akakataa kutoka.

Werema alisimama langoni na wilbaro yake, akasema anapita tu.

"Leo hakuna kupita," Joyline akamwambia. "Iache hapo. Nawa mikono, ingia tule."