Gari Linalojua Kupanda

Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa nzuri hata watu wa Kitura wakawa wanatabasamu peke yao shambani. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, nao walifika na mizani zao mpaka vijijini. Kila nyumba ilikuwa na mpango wake. Huyu alitaka mabati, yule cherehani, mwingine ng'ombe wa maziwa. Vitalis na mkewe Aurelia walitaka gari.

Msiwacheke. Walikuwa na sababu.

Aurelia alizaliwa Ngumbo, chini ziwani. Miaka kumi na minne kabla ya hapo aliolewa huku juu milimani, kwa Wamatengo. Siku ya harusi, Vitalis alimwahidi mama mkwe wake, Bibi Ottilia, kwamba atampandisha aje aone nyumba ya binti yake. Tangu siku hiyo Vitalis alishuka ziwani kila mwaka. Alikula samaki wa mbasa, akafungiwa dagaa, akarudi kwake. Bibi Ottilia hakupanda hata mara moja. Usafiri wa huko ulikuwa malori, na bibi alisema yeye si gunia, hapakiwi juu ya magunia. Kila mwaka alimuaga mkwe wake kwa utani uleule.

"Mkwe wangu anajua kushuka tu. Kushuka, hata jiwe linashuka."

Watu walicheka. Vitalis naye alicheka, lakini utani ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa binti yao Beata alikuwa anajiandaa kupokea Komunio ya kwanza. Siku yenyewe ilikuwa Dominika ya Kristo Mfalme, mwezi wa Novemba. Bibi Ottilia alituma neno kwa dereva wa lori. Alisema macho yake yameanza kuingia ukungu. Alitamani kumwona mjukuu wake katika gauni jeupe kabla ukungu haujafunga kabisa. Aurelia aliposikia neno lile aliingia jikoni akalia. Vitalis alimsikia. Kesho yake alianza kutafuta gari.

Leseni alikuwa nayo. Kwa miaka sita aliendesha Landrova ya chama cha msingi, kabla chama hakijaishiwa kazi. Kwa hiyo alijiona mjuzi wa magari. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, maana mtu anayejua kidogo haoni haja ya kuuliza.

Mbinga mjini alikuwapo mfanyabiashara aitwaye Cletus. Alikuwa anauza gari dogo la saluni, jeupe, lililotumika Ujapani kabla ya kuletwa nchini. Lilikuwa la otomatiki. Gari la namna hiyo halina klachi, na gia hubadilika zenyewe. Dereva husogeza mkono wa gia kwenye herufi tu: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ambayo ni frii, na D ya kwenda mbele. Vitalis hakuwahi kuendesha gari kama hilo. Hakusema.

Nami niseme wazi kosa letu sisi watu wa milimani. Tunaogopa kushuka. Barabara zetu zimekatwa ubavuni mwa milima, na tumeyaona malori yaliyokatikiwa breki. Basi Mmatengo akinunua gari, jambo la kwanza kuuliza ni breki. Akilijaribu, hulijaribu kwenye mteremko. Likishuka vizuri na kusimama, yeye ameridhika. Cletus alilijua jambo hilo. Siku Vitalis alipofika, gari lilikuwa limeegeshwa likitazama bondeni, na injini ilikuwa imeshapata moto.

Walishuka nalo. Breki zilikamata, viti vilikuwa laini, redio iliimba. Katikati ya mteremko Vitalis aliweka frii ili kubana mafuta, kama alivyozoea kwenye Landrova. Walipofika bondeni Cletus alisema ana mtu wa kuonana naye pale, hivyo gari libaki, na Vitalis apande tu kwa miguu kwa njia ya mkato. Wakapeana mikono. Vitalis akaahidi kuleta pesa Jumamosi.

Alifika nyumbani akiimba. Aurelia alikuwa anaosha kahawa ya mwisho ya msimu. Vitalis alimsimulia rangi, viti na redio, na jinsi gari lilivyoteleza mteremkoni bila kelele. Aurelia alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado ndani ya beseni.

"Baba Beata, umeshuka nalo," alisema. "Umepanda nalo?"

Vitalis akaanza tena habari ya redio.

"Mama yangu yuko chini. Sisi hatumshushi, tunampandisha."

Ijumaa wakaenda wote wawili kwa Fundi Wendelin. Mzee huyu alijifunza ufundi misheni, na alikuwa amelala chini ya malori kwa miaka thelathini. Walimwamkia, akawaitikia marahaba bila kuacha kufuta spana zake. Alipokwisha kusikia habari yote, hakusema gari ni zuri wala baya. Alisema Vitalis amwambie muuzaji jambo moja tu: asiliwashe mpaka wao wafike. Ugonjwa mwingi wa gari, alisema, huonekana likiwa baridi, na mwingine likiwa na moto sana. Muuzaji mjanja humwonyesha mnunuzi gari likiwa katikati, si baridi wala si la moto sana.

Jumamosi asubuhi walifika kwa Cletus wote watatu, na fundi akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Limeota jua," Cletus akasema.

"Jua bado liko nyuma ya mlima, ndugu yangu," fundi akamjibu, akaomba kiti.

Wakakaa kusubiri lipoe. Mke wa Cletus, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliwaletea chai na mihogo. Kabla ya kukaa, fundi alikuwa amesukuma kipande cha boksi chini ya gari. Baada ya saa mbili alikivuta. Kulikuwa na matone mekundu.

Aliwaonyesha. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi au ya kahawia. Tone jekundu chini ya gari la otomatiki kwa kawaida hutoka kwenye giaboksi. Vitalis aliuliza kama giaboksi ni jambo kubwa hivyo, maana injini yenyewe ilikuwa inanguruma vizuri.

"Injini ni nguvu tu," fundi akasema. "Giaboksi ndiyo inayoichukua nguvu hiyo ikaenda kuzungusha magurudumu. Injini ikiwa nzima na giaboksi mbovu, una kelele, huna safari."

Akaliwasha. Akakanyaga breki na kuweka R. Walingoja. Gari lilikaa kimya kwa muda, kisha likashtuka na kupiga teke mpaka chai ikamwagika. Fundi alieleza kwamba gari zima huitika karibu mara moja, tena kwa upole, ukiweka R na ukiweka D vilevile. Likichelewa au likipiga teke, ndani kuna tatizo.

Waliendesha kidogo mjini ili oili ipate moto, wakasimama mahali pa tambarare, injini ikiwa bado inanguruma. Gari lile lilipimwa hivyo. Mengine hupimwa tofauti, na kitabu cha gari hueleza. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa akampa Vitalis.

"Wewe ni mkulima wa kahawa. Nusa."

Pua ya Vitalis ilikuwa na sifa Kitura nzima. Iliweza kujua kahawa iliyochacha kwenye pipa la jirani kabla jirani mwenyewe hajajua. Alinusa mara moja tu.

"Imeungua," alisema kwa sauti ndogo.

"Imeungua. Oili nzuri ni nyekundu na safi. Hii imekuwa ya kahawia, na ukiisogeza kwenye mwanga utaona vumbi la chuma linametameta. Chuma hicho kinatoka ndani, kinasagika."

Kisha fundi akasema sasa wapande mlima. Cletus akakumbuka kwamba ana mgeni. Fundi alimwambia mgeni atakunywa chai, nao wanne wakaingia garini. Mlima wa kwanza gari lilipanda. Wa pili, likiwa limepata moto wa kutosha, injini ilianza kupiga makelele huku mwendo ukipungua. Vitalis alikanyaga mafuta zaidi, kelele zikazidi, mwendo ukazidi kupungua. Akina mama wawili wenye vikapu vya maharage kichwani waliwafikia, wakawasalimu kwa adabu, wakawapita.

"Giaboksi inateleza," fundi alisema. "Nguvu ipo, haifiki kwenye magurudumu."

Gari likasimama. Ikabidi waligeuze na kurudi. Kushuka, likashuka vizuri sana.

Vitalis aliona aibu. Alikuwa amepeana mkono na mtu, na yeye si mtu wa kuvunja neno. Fundi alimwambia mkono ule ulipeanwa kwa ajili ya gari zima, na gari zima halikuletwa. Cletus aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo liliwafanya wote wacheke, hata yeye mwenyewe.

"Na mimi niliuziwa kwenye mteremko."

Njiani kurudi gereji Vitalis alikiri kwamba siku ile alishuka na frii. Fundi alimgeukia kwa ukali. Ukiweka frii, alisema, injini haikusaidii tena kulishika gari. Breki hubaki peke yake, zikapata moto mpaka zikakataa. Kwa otomatiki hata giaboksi yaweza kuumia. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia.

Zilibaki wiki tatu. Vitalis alikata tamaa, akasema labda Mungu hataki. Aurelia akamwambia amwache Mungu, wao wamtafute muuzaji mwingine. Fundi alikuwa amesikia habari za Mwalimu Verediana, ambaye alistaafu na alikuwa anauza saluni yake ya bluu, kuukuu, ya gia za mkono. Wakamwendea. Mwalimu aliwaambia tangu mlangoni kwamba klachi imechoka, na kwamba gari halijawashwa tangu jana.

Safari hii fundi alikaa juu ya jiwe akatafuna muwa. Kazi aliifanya Vitalis. Aligusa boneti: baridi. Alichungulia chini: pakavu. Aliwasha, akakanyaga klachi, akaingiza gia moja baada ya nyingine, na R pia. Zote ziliingia bila kukwaruza. Wakaingia wote, fundi na muwa wake, wakaendesha mpaka gari likapata moto. Katika kila gia alikanyaga mafuta kisha akaachia ghafla, kuona kama mkono wa gia utaruka wenyewe. Haukuruka. Alisikiliza kama giaboksi inalia au kunguruma. Haikulia. Lakini mlimani, akiwa kwenye gia kubwa, alipokanyaga mafuta injini ilipiga kelele bila mwendo kuongezeka.

"Hata hili bovu," akasema, na moyo ukamshuka.

"Hapana," fundi akasema, akatema makapi ya muwa dirishani. "Hapa giaboksi ni nzima, klachi ndiyo imekwisha. Jembe lako likivunjika mpini, unatupa jembe?"

"Naweka mpini."

"Klachi ni mpini. Giaboksi ni jembe."

Mwalimu Verediana alipunguza bei kwa kadiri ya klachi mpya. Walihakikisha kwamba kadi ya gari ina jina lake, wakaandikiana mbele ya mashahidi. Klachi ililetwa na basi kutoka Songea, na fundi akaifunga kwa siku mbili. Ile kuukuu alimpa Vitalis aiangalie. Ilikuwa imelika mpaka misumari inaonekana.

Jumamosi, siku moja kabla ya Kristo Mfalme, Vitalis na Aurelia walishuka ziwani. Alishuka kwa gia ya pili, polepole, na breki hazikunuka. Ngumbo walimkuta Bibi Ottilia amekaa nje na kitenge kipya, tayari tangu alfajiri. Alilizunguka gari akiligusa kwa vidole, akaingia kiti cha mbele, akafanya ishara ya msalaba. Majirani walisindikiza kwa vigelegele mpaka mwisho wa kijiji.

Mlima ulianza. Vitalis alitokwa jasho. Gia ya pili, kisha ya kwanza kwenye kona kali, kisha ya pili tena. Gari halikuwa na haraka, lakini kila alipokanyaga mafuta lilijibu. Aurelia alikaa nyuma akishika bega la mama yake, akilia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

Juu kabisa walisimama. Bibi Ottilia alishuka, akageuka nyuma. Ziwa lote lilikuwa chini yake, la bluu, mpaka milima ya ng'ambo. Alikuwa ameishi ufukweni maisha yake yote, na hakuwahi kuliona kutoka juu. Alikaza macho yake yenye ukungu kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kubwa hivi," alisema.

Kesho yake, baada ya misa, Beata alisimama mbele ya bibi yake kwa gauni jeupe. Bibi alilishika, akalisogeza karibu na macho, akaliona. Pale nyumbani watu walikula na kucheza ngoma mpaka jioni, na Fundi Wendelin, ambaye hakuwahi kuonekana akicheza, alicheza.

Jumanne Vitalis aliosha gari, akapima oili na maji, akamwendea mama mkwe wake kwa heshima. Akamwambia gari liko tayari kumrudisha ziwani.

Bibi Ottilia alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage na mjukuu wake. Hakuinua kichwa.

"Mkwe wangu," alisema, "kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Kushuka, hata jiwe linashuka. Tutazungumza baada ya Krismasi."