Siyaleti Mafuta Hayo, Mjomba

Kila Jumamosi asubuhi, mama yake akishaondoka kwenda zamu kiwandani, Mbishi alivaa suruali yake kuukuu na kwenda gereji kwa mjomba wake. Gereji ilikuwa mtaa wa pili, ikipakana na karakana ya seremala. Seremala aliwapa maranda bure, na kazi ya kwanza ya Mbishi ilikuwa kuyamwaga juu ya madoa ya mafuta sakafuni, kuyaacha yanywe, kisha kuyafagia. Kazi ya pili ilikuwa kuzipanga spana ukutani, kuanzia namba nane hadi ishirini na nne. Kazi ya tatu hakupewa na mtu. Ilikuwa kuuliza maswali.

"Mjomba, klachi inashika nini?"

"Inashika mdomo wa watoto wabishi."

"Mbona wangu haijaushika?"

Jina la Mbishi alipewa na huyo huyo mjomba, na binti huyo alipofika miaka kumi na miwili lilikuwa limeshamganda. Mjomba naye alikuwa na jina lake: Fundi Pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Alikuwa na kipaji. Alichovya kidole kwenye mafuta yoyote, akayasugua kwa dole gumba, akayanusa, akakwambia yametoka wapi: kwenye injini, kwenye breki, kwenye usukani. Hakuwahi kukosea, na wateja walipenda kumwona akifanya hivyo.

"Maandishi ya kopo huandikwa na mwenye kuuza," alikuwa akisema. "Mimi nauliza mafuta yenyewe."

Jumamosi hiyo, gari dogo la buluu lilisikika kabla halijaonekana. Lilipokata kona lilitoa sauti ya vyuma vinavyosagana, krrrr, kisha likaingia gerejini taratibu. Lilikuwa gari la Mkunga. Kila mtu mtaani alimjua. Nyuma ya mji kulikuwa na kilima, na huko kilimani kulikuwa na nyumba nyingi bila zahanati. Mkunga aliwafuata wajawazito huko huko, na aliyehitaji hospitali alimteremsha kwa gari hilo.

Alishuka, akaufunga mlango kwa kishindo kidogo. Mbishi alimwamkia, akaitikia bila kutabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Fundi," alisema, "tangu unibadilishie mafuta ya giaboksi wiki mbili zilizopita, gari hili halitaki gia ya pili. Ya tatu nayo inafuata. Asubuhi likiwa limepoa ndiyo kabisa, linasaga meno kama mtu mwenye ndoto mbaya."

Mjomba alicheka. "Dada yangu, ni mguu huo. Hukanyagi klachi mpaka chini. Nyie kina mama mna haraka."

Dereva wa lori aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake naye akacheka.

"Mguu huu umekanyaga klachi hii miaka tisa," alisema Mkunga. "Umesahau kazi wiki mbili zilizopita?"

Mbishi aliacha kufagia. Yeye alijua. Wiki mbili zilizopita, alipokuwa akipangusa vumbi ndani ya gari hilo, alikuta kitabu cha gari kwenye kisanduku cha mbele akakisoma, kama alivyosoma kila kilichoandikwa. Kitabu kilisema mafuta ya giaboksi yawe ya daraja la GL-4. Siku hiyo hiyo mjomba alimtuma alete dumu jekundu, lililobaki baada ya kutengeneza lori. Lilikuwa limeandikwa GL-5, mafuta ya difu. Difu ni lile boksi la gia kubwa nzito lililo katikati ya magurudumu ya nyuma ya lori. Mbishi alifungua mdomo aseme. Mjomba akainua kidole: mbele ya mteja, mtoto hunyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani, Mbishi akanyamaza.

Mjomba aliliendesha gari mzunguko mmoja uani, akarudi akitikisa kichwa.

"Giaboksi imechoka. Labda na mafuta yamepungua. Naongeza yale yale makali, yakikataa tutaishusha yote tuipasue. Wiki tatu hivi, kama spea zitapatikana mapema."

"Wiki tatu!" Mkunga alishika kiuno. "Kule juu nina wanne wanaojifungua mwezi huu. Mmoja ana mapacha, na mmoja wao amekaa vibaya. Nitamteremsha mgongoni?"

"Sasa nifanyeje, dada? Chuma kikichoka kimechoka. Mbishi! Niletee lile dumu jekundu."

Mbishi alienda pembeni dumu lilipokuwa. Akaligeukia. Kisha akalikalia.

"Mbishi!"

"Siyaleti mafuta hayo, Mjomba."

Msumeno wa seremala ulisikika ghafla kama umesogezwa karibu.

"Umesemaje?"

"Nimesema siyaleti. Hayafai kwenye giaboksi ya gari hili. Ndiyo yaliyoliharibu."

"Haya tena!" dereva wa lori alipiga paja. "Fundi, gereji imepata mwenyewe. Wewe tafuta kazi nyingine."

Uso wa mjomba ulikunjamana. "Nilianza kufungua giaboksi kabla hujaota meno. Toka hapo."

"Shikamoo yako ipo pale pale, Mjomba. Ukitaka nisije Jumamosi ijayo, niambie, sitakuja. Lakini leo sitoki."

Alilishika dumu kwa mikono miwili. Mkunga alimtazama, akamtazama na fundi.

"Mwache aseme," alisema. "Gari ni langu, na hao wanaosubiri kule juu ni wangu."

Mbishi alivuta pumzi. "Mjomba, naomba ufumbe macho."

"Nifumbe nini?"

"Unuse. Au unaogopa?"

Hapo alimgusa. Fundi Pua hakuwahi kukataa kunusa, tena mbele ya watu. Alifumba macho na kunyoosha mkono. Mbishi alichukua kopo kutoka rafuni, akapakaza tone kwenye kidole cha mjomba.

"Injini. Mapya," alisema mjomba papo hapo. Mbishi akakipangusa kidole kwa kitambaa, akapakaza tone la pili, kutoka kwenye dumu jekundu. "Haya? Haya ni ya difu. Makali, mazito, yananuka kama kichwa cha kiberiti. Mtoto gani asiyeyajua?"

"Pua yako haijakosea," alisema Mbishi. "Ni ya difu. Na ndiyo uliyoyaweka kwenye giaboksi ya Mama Mkunga."

Mjomba alifumbua macho. "Kwani nani amebisha? Niliyaweka kwa sababu ni bora! Yanabeba lori la tani kumi, yatashindwa kigari hiki? Halafu tano ni zaidi ya nne. Huko shuleni hawafundishi hesabu?"

"Wanafundisha. Mguu wangu unavaa kiatu namba nne. Ukininunulia namba kumi utakuwa umenipa kiatu bora?"

Dereva wa lori aliangua kicheko, safari hii akiwa upande mwingine. Mbishi hakucheka. Alikimbia hadi kwenye gari, akachomoa kitabu, akakifungua mbele ya mjomba wake.

"Soma hapa. Daraja GL-4, unene 75W-90. Na hapa wamesema mafuta ya difu yasitumike, yana dawa kali inayoweza kula shaba. Mjomba, si wewe uliyenionyesha zile pete za shaba ndani ya giaboksi? Ulisema pete hushika kwanza, zinapunguza mbio za gia, ndipo meno yanaingiliana bila kugongana. Sasa mafuta yakiwa yanateleza kupita kiasi, pete zitashika nini? Na yakiwa mazito hivi, asubuhi ya baridi si ndiyo balaa?"

Mjomba alipangusa mikono. Alikichukua kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Alisoma ukurasa ule muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Kisha akakirudisha, akachukua jeki, akaliinua gari, akalala chini yake.

Alilegeza kwanza bolti ya juu, ile ya kujazia, kwa sababu fundi mzuri hamwagi mafuta kabla hajahakikisha kuwa ataweza kujaza mengine. Kisha akafungua ya chini. Mafuta yalitoka polepole kama uji, yakajaa kwenye beseni jeupe. Alilivuta hadi juani, wote wakainama. Humo ndani zilimetameta chembe chache za njano, ndogo kama vumbi.

"Shaba," alisema mjomba kwa sauti ya chini.

"Zimekwisha?" aliuliza Mkunga.

"Hapana. Zimeanza kulika tu. Ungeendelea mwezi mmoja..." Hakumaliza. Alimgeukia Mbishi. "Nenda duka la spea. Chukua hicho kitabu chako."

Muuza spea hakukitazama hata kitabu. Aliweka kopo linalong'aa juu ya kaunta. "Chukua hili. GL-5, toleo jipya. Nne ni ya zamani, binti."

"Naomba GL-4."

"Nakwambia hili linafanya kazi zote mbili."

"Kitabu kinasema GL-4, 75W-90. Kama huna, nitaenda kwingine."

"Nani amekutuma, wewe?"

"Fundi Pua."

"Fundi Pua tangu lini anasoma makopo?"

"Tangu leo," alisema Mbishi.

Muuza spea alinung'unika, akapanda ngazi, akateremka na kopo lenye vumbi kutoka rafu ya juu kabisa. Mbishi alisoma maandishi yote, mbele na nyuma, huku watu wawili nyuma yake wakiguna. Hakujali. Alipomaliza ndipo alipolipa na kuondoka.

Mjomba alijaza kwa mpira na bomba la mkono hadi mafuta yalipoanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, akakaza bolti, akamkabidhi Mkunga ufunguo. Gari lilikuwa limeshapoa. Wote walisimama mlangoni wakisikiliza. Gia ya kwanza. Gari likasogea. Mbishi alijikuta ameshika mkono wa mjomba wake bila kujua. Ya pili iliingia, na hapakusikika kitu. Ya tatu. Gari likapandisha barabara ya kilimani, likapotea, na baada ya dakika kumi likarudi kimya kimya.

"Imetulia," alisema Mkunga akishuka, na sasa alitabasamu. "Ya pili bado nzito kidogo, lakini haisagi."

"Leo asubuhi ulikuwa sahihi, dada," alisema mjomba. Maneno yalimtoka kwa shida. "Si mguu wako. Ni mimi. Nisamehe. Nione tena baada ya wiki mbili, nitayamwaga haya na kuweka mengine kwa gharama yangu, tuhakikishe chembe zote zimetoka."

Mbishi alikuwa ameinamisha kichwa. "Na mimi nisamehe, Mama Mkunga. Niliona tangu siku ile. Nilikuwa nimesoma kitabu, nimesoma na dumu. Nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliona ni kukosa adabu."

Mkunga alimwinua kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Kule ninakofanya kazi, msaidizi wangu akiona nimeshika dawa siyo, halafu akanyamaza kwa sababu mimi ni mkubwa, huyo hajaniheshimu. Ameniachia niue mtu. Adabu iko kwenye namna ya kusema. Haimo kwenye kunyamaza. Na namna yako ya leo, ile ya kukalia dumu," aliongeza akicheka, "tutaitazama siku nyingine."

Baada ya Mkunga kuondoka, na dereva wa lori naye kuhudumiwa, mjomba aliketi kwenye benchi na simu yake mkononi. Aliitazama tu. Mbishi alirudi kwenye maranda, lakini hakufagia.

"Kuna magari mengine mawili," mjomba alisema hatimaye. "La mwalimu mkuu na la muuza maziwa. Nayo niliyawekea ya difu."

"Wamelalamika?"

"Hapana. Hawajui lolote. Nikikaa kimya huenda wasijue kwa mwaka mzima."

Mbishi aliuegemea ufagio. Alimtazama tu. Mjomba alikohoa, akabonyeza namba, akaweka simu sikioni.

"Mwalimu? Ndiyo, fundi hapa. Nakuomba ulete gari, nitazame kidogo... aah..." Alimwona Mbishi amesimama na ufagio, macho hayapepesi. Akafumba yake. "Hapana, si kutazama. Niliweka mafuta yasiyofaa kwenye giaboksi yako. Nilikosea. Lilete leo, usiliendeshe sana. Hutalipa kitu."

Alisikiliza jibu kwa muda, akaitikia "ndiyo" mara nne, akakata simu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama aliyekuwa amenyanyua injini peke yake.

"Siku nyingine," alimwambia Mbishi, "ukiona nakosea, usisubiri wiki mbili."

"Hata mbele ya wateja?"

Mjomba alitafuta namba ya muuza maziwa. "Hasa mbele ya wateja," alisema. "Wao ndio watakaoendesha."