Bia za Jackline Zilivyonichukulia Mume

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, mkazi wa Mlabani hapa Ifakara. Kazi yangu ni kupika na kuuza kangara, pombe ya mahindi na asali niliyofundishwa na mama yangu kule Idete. Naandika haya kwa sababu nimechoka kulia peke yangu. Ndugu wasomaji, mmewahi kuionea wivu chupa?

Mimi nimewahi...

Mume wangu, nitamwita Filbert, alikuwa dalali wa mpunga. Hakuwa tajiri, lakini alinipenda. Jioni alikaa kilabuni kwangu, akaonja kangara kabla ya mteja yeyote, kisha akawaambia watu kuwa bonde zima hakuna mkono kama wangu. Mwanamke gani hangeridhika?

Ndipo akaja Jackline kutoka Dar es Salaam.

Alifungua baa ndogo karibu na nyumba za wageni, yenye viti vya mito na friji la kioo. Akaleta bia ambazo hatukuwahi kuziona, za kiwanda kidogo huko Dar. Kila aina ilipikwa mara moja tu, ikiisha, basi. Moja ilitiwa kahawa, nyingine maganda ya chungwa. Chupa moja bei yake ilikuwa sawa na ndoo nzima ya kangara yangu! Wateja wangu walicheka, wakasema huo ni wizi. Nami nilicheka nao, tena kwa sauti.

Filbert hakucheka. Alialikwa huko na wanunuzi wa mpunga, akarudi amebadilika. Akawa anaongelea povu na harufu. Chupa yake ya kwanza hakuitupa. Aliiosha, akaiweka kabatini karibu na sanamu ya Bikira Maria. Kila niliposali, niliiona...

Wivu ukaanza kunitafuna. Kangara akaacha kuionja, eti inamjaza tumbo. Jioni nilisikia pikipiki yake ikipita mbele ya kilabu bila kusimama. Sokoni nilimchunguza Jackline: kucha zake, mwendo wake, hata alivyochagua nyanya. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, nami niliitikia huku moyo unawaka. Ana nini ambacho mimi sina?

Siku moja nilishindwa kujizuia. Nikamtuma jirani aninunulie ile ya kahawa. Nilijifungia chumbani nikaionja, nikimwomba Mungu iwe mbaya. Jamani... ilikuwa tamu! Nzito, chungu kidogo, halafu utamu unabaki kooni. Ingekuwa mbaya ningepona. Nilikaa kitandani nikalia, maana sasa nisingeweza hata kumwambia mume wangu kwamba anadanganywa.

Nikaona dawa ni kumpa nyumbani anachokifuata nje. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu niliwapeleka watoto kwa bibi yao, nikapika wali na perege wa nazi, nikanunua zile bia na kummiminia mwenyewe. Filbert alikunywa funda moja, akaweka glasi mezani.

"Hii haimiminwi hivi," alisema. "Unainamisha glasi, unamimina taratibu. Jackline akiwa nyumbani kwake huwa anaiacha kwanza dirishani ipungue baridi."

Nikamwuliza, "Baba Aneth, umejuaje anavyofanya akiwa nyumbani kwake?"

Samaki akapoa pale mezani... Nilimsihi aseme, na mwishowe akakiri: walikuwa pamoja tangu mavuno yaliyopita. Kabla jua halijazama alikuwa amekusanya nguo zake na kuondoka.

Yaliyofuata yaliniponda. Watu walikuja kilabuni kunitazama, si kunywa. Kangara ikaharibika, nikaimwaga, nikapika tena, ikaharibika tena. Aneth, binti yangu, akaniuliza kwa nini baba analala kwa mama mwingine. Unamjibu nini mtoto?

Msimu ukapita. Kile kiwanda kikaacha kupika zile bia, baa ikadorora, Jackline akafunga virago akarudi Dar. Hakumchukua Filbert!

Haukupita muda, Filbert akaja Idete kwa mama yangu, nilikokuwa nimekwenda kupumzika, akifuatana na baba yake mdogo. Niliwaamkia, nikawapa maji. Yule mzee aliniomba kwa upole nimsamehe mwanawe, akisema shetani alimpitia. Filbert akasema ameikumbuka kangara yangu.

Nilimwuliza jambo moja tu. "Zile bia zingekuwa bado zinapikwa, leo ungekuwa hapa?"

Akainama. Baba mdogo ndiye aliyesimama kwanza, akachukua kofia yake.

"Mwanangu, nimesikia," akaniambia. Wakaondoka.

Wateja bado huniuliza kama bia zile zilistahili bei yake. Nawajibu ukweli: zilistahili. Kosa langu lilikuwa kudhani nashindana na chupa, huku mwenye chupa nikimwitikia marahaba sokoni.

Dada zangu, mume akianza kusifu mkono wa mwingine, mwulize siku hiyohiyo. Usijifungie chumbani kuonja na kulia. Usihangaike kununua kile anachokifuata kwingine, maana mwenzio huenda alishaondoka kabla hujafungua kizibo. Na nyinyi kaka zetu, kunyweni mnachopenda, lakini mkirudi nyumbani, rudini na mioyo yenu.

Mimi nimeanza tena kupika, na wateja wamerudi. Ila wivu haujaniisha... Hata leo, nikimwona mwanamke akiinamisha glasi kummiminia mumewe, inabidi nigeuze uso.